Kila sehemu mgeni mpya, siri moja msimu mzima: kisa kirefu nikipe nafasi gani?

mswada_segera

Wakuu, habari za kazi. Naandaa tamthilia ya sehemu 13, kila sehemu dakika 26. Mahali ni gesti moja ya Segera, pale barabara ya Tanga inapoachana na ya Moshi. Kila sehemu anaingia mgeni mpya na shida yake, na shida hiyo inamalizika palepale. Ila mhudumu wa mapokezi, Mwanaidi, ana jambo lake linalokwenda kuanzia sehemu ya 1 hadi ya 13: kaka yake alilala gesti hiyohiyo miaka 6 iliyopita na hakuonekana tena.

Rasimu 4 za mwanzo zimesomwa na watu wawili. Mmoja anasema kisa cha Mwanaidi hakisogei. Mwingine anasema kila kikiingia kinamkatisha mgeni. Naomba kujuzwa: kisa kirefu kichukue dakika ngapi kwa sehemu, kikae wapi, na ni makosa gani huua tamthilia za namna hii? Mifano ya kweli itanisaidia zaidi kuliko nadharia.

kalamu_kavu

Mkuu, hao wasomaji wako hawapingani, wameona kasoro moja. Kisa cha Mwanaidi hakina kazi ndani ya sehemu, ndiyo maana kinakula muda na hakisogei. Kabla ya kuhesabu dakika, andika sentensi mbili kwa kila sehemu. Ya kwanza ni swali linalofungwa leo: je, mzee huyu atawahi mazishi ya mkewe Korogwe? Ya pili ni jambo ambalo Mwanaidi analijua usiku huu na jana hakulijua. Sentensi ya pili ikikushinda, basi sehemu hiyo haina kisa kirefu, ina mtu mwenye huzuni aliyesimama dirishani. Mtoe.

Swali la msimu nalo lisemeke kwa pumzi moja. Angalia The Fugitive ya Marekani, iliyorushwa na ABC kuanzia 1963 hadi 1967. Sehemu 120 zimebebwa na swali moja: daktari Richard Kimble amehukumiwa kifo kwa mauaji ya mkewe, na yeye alimwona mtu mwenye mkono mmoja akitoroka eneo la tukio. Kila wiki Kimble yuko mji mwingine, jina jingine, kibarua kingine, na kisa cha wiki ni cha wenyeji wa mji huo. Aliyekosa sehemu 20 alirudi akakaa, akaelewa. Hasara yake ni kwamba Kimble hawezi kubadilika, maana akibadilika sehemu haziwezi tena kurudiwa bila mpangilio. Jawabu lilikuja kwenye sehemu mbili za mwisho, Agosti 1967. Wewe una sehemu 13, huna sababu ya kumgandisha mhusika wako hivyo.

The X-Files ya Fox, iliyoanza 1993, ilishika njia nyingine: haikuchanganya ndani ya sehemu, ilitenga sehemu. Nyingi zilikuwa za jinamizi moja linaloanza na kuisha usiku huohuo. Chache, hasa za kufungua na kufunga msimu, zilibeba njama kubwa ya serikali na viumbe wa angani, pamoja na kupotea kwa dada yake Mulder, mpelelezi wa FBI ambaye ni mhusika mkuu. (Ndiyo, nawe una ndugu aliyepotea, kwa hiyo itazame vizuri.) Kilichoiponza ni kwamba njama haikuwa na urefu uliopangwa. Msimu ukiongezwa, njama inaongezwa, na kila jibu linafutwa na jibu la baadaye. Kwa maoni yangu visa vyake vya usiku mmoja vimezeeka vizuri kuliko ile njama.

Sasa dakika. Dakika 26 ni kama kurasa 26 za mswada, maonyesho 15 hadi 18. Mpe Mwanaidi maonyesho 3, jumla dakika 4 au 5. La kwanza liingie kabla ya dakika ya 6, mtazamaji ajue mapema kwamba kuna kitu kingine kinachemka. La pili likae pale mgeni anapokuwa anasubiri jambo (gari, simu, ndugu), kwa sababu hapo kisa chake kimepumua chenyewe na hukikatishi. La tatu halina mahali maalumu. Ukiliweka mwisho kila wiki, kufikia sehemu ya 4 watu watalijua, na dakika yako ya mwisho itakuwa tangazo la wiki ijayo.

Hesabu hiyo isiwe sawa kila wiki. Sehemu ya 1, ya 7 na ya 13 geuza mizani, Mwanaidi ashike nusu au zaidi. Na weka sehemu mbili, tuseme ya 4 na ya 10, ambazo hana lake kabisa isipokuwa dokezo moja. Sehemu hizo ndizo zitakazofanya mtazamaji amtafute.

Kosa kubwa la waandishi wa visa vya namna hii ni kumfanya mhusika wa kudumu kuwa sikio. Wageni wanalia, yeye anaitikia. Mpe mamlaka. Mhudumu wa gesti anayo mengi: anaamua nani alale chumba gani, anashika funguo za akiba, na juu ya yote anashika daftari la wageni, lenye jina, atokako, aendako na namba ya simu. Weka kisa kirefu ndani ya daftari hilo. Daftari la miaka 6 iliyopita liko wapi? Nani alichana ukurasa? Kila mgeni anapoandikishwa, kisa kirefu kiko mezani bila wewe kuandika onyesho jipya.

klaketi_na_taa

Nimwachie kalamu_kavu mambo ya mswada, mimi niseme ya uwanjani, maana mchanganyiko huu huvunjikia huko.

Faida ya gesti ni seti. Unahitaji mapokezi, ukumbi mwembamba, ua, na vyumba viwili tu. Vyumba viwili vinakuwa kumi kwa kubadili pazia, shuka, namba ya mlangoni na upande ambao kitanda kimeegemea. Usibadili rangi ya ukuta. Ni siku nzima ya kukausha, na gesti halisi nyingi vyumba vyake vina rangi moja.

Maonyesho ya Mwanaidi yapigwe kwa mafungu: chukua sehemu 4, piga yale yake yote ya peke yake kwa siku mbili au tatu, halafu wageni waje mmojammoja. Mgeni wa sehemu ya dakika 26 akipangiwa vizuri anahitaji siku 2 hadi 3 tu. Hapo ndipo unaweza kumpata mwigizaji mwenye jina ambaye usingempata kwa msimu mzima. Poker Face ya Peacock, ya 2023, imejengwa juu ya hesabu hiyo. Dakika za mwanzo za karibu kila sehemu ni za wageni tupu, mauaji yanafanyika mbele yetu, kisha saa inarudishwa nyuma na tunaona kwamba Charlie, mhusika wa kudumu, alikuwa palepale muda wote. Kwa mtayarishaji hizo ni siku ambazo nyota wako anapumzika au anapiga sehemu nyingine.

Masharti ya kupiga kwa mafungu ni haya. Kwanza, kisa kirefu chote kiwe kimefungwa kwenye karatasi kabla ya siku ya kwanza ya kamera. Kisa cha mgeni unaweza kukirekebisha hata jana yake usiku. Kisa cha Mwanaidi huwezi, kwa sababu jibu la sehemu ya 8 umeshalipiga pamoja na sehemu ya 5. Pili, kati ya yale maonyesho 3, mawili yasiwe na mgeni ndani. Ukimweka mgeni katika yote matatu, mafungu hayawezekani na bajeti inapanda. Tatu, mwenye kushika mwendelezo awe na jedwali: sehemu, usiku wa ngapi, nywele, kanga, jeraha, funguo ziko wapi, nani anajua nini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Mwigizaji anapiga sehemu ya 8 asubuhi na ya 5 mchana, na uso wake wa sehemu ya 5 tayari unajua kaka amekufa.

nyali_hadi_mtwapa

Ndugu zangu, nawapinga kidogo. Mnasema kana kwamba kisa kirefu lazima kibebwe na mtu. Mahali pia panabeba. Huku Kenya, Vioja Mahakamani ya KBC imedumu kwa namna hiyo: mahakama ni ileile, wakuu wa mahakama ni walewale, kesi inabadilika. Watazamaji hurudi kwa ajili ya kile chumba na tabia za waliomo, wala hakuna siri ya msimu. Njoro wa Uba nayo ina dereva na gari, abiria wanabadilika, na kando yake kuna maisha ya Njoro baada ya ndoa kuvunjika. Angalia jinsi kisa hicho kirefu kilivyo kidogo na bado kinatosha, kwa sababu kiko katika hali aliyo nayo na hakihitaji fumbo.

Mfano mkubwa kabisa wa mahali ni Dekalog ya mwongozaji Kieślowski, sehemu 10 zilizotengenezwa 1988 kwa televisheni ya Poland. Kila sehemu ina watu wake na kisa chake kinachokamilika. Ila karibu wote wanaishi kwenye majumba yaleyale ya ghorofa mjini Warsaw. Katika sehemu ya 8, darasani kwa profesa wa maadili, mwanafunzi anasimulia kama fumbo la mjadala jambo lilelile tulilolitazama katika sehemu ya 2. Na katika sehemu hiyohiyo ya 8 kuna jirani mzee mwenye mkusanyo wa stempu, anapita tu. Sehemu ya 10 inaanza yeye amekwisha kufa, na wanawe wawili wanarithi zile stempu. Hakuna aliyelazimika kukumbuka chochote. Aliyekumbuka alipata sehemu mbili kwa bei ya moja.

Ila tofautisha kiungo na pambo. Inside No. 9 ya BBC ilificha sanamu ya sungura mahali fulani katika kila sehemu. Inafurahisha, watu wanaitafuta, lakini haibebi kitu, na waliotunga hawakudai kwamba inabeba. Wapo wanaoweka picha ya marehemu ukutani katika kila sehemu wakadhani wameandika mwendelezo.

Hatari nyingine ambayo haijatajwa: wageni wote kufanana na shida ya Mwanaidi. Huyu kapoteza mtoto, yule kapoteza mume, mwingine anamtafuta baba. Kufikia sehemu ya 5 ni mahubiri. Katika wageni 13, wanne tu waguse jeraha lake moja kwa moja. Wengine walete mambo ya mbali: dereva wa lori aliyebeba mzigo asioujua, maharusi waliogombana njiani, mchuuzi anayekimbia deni. Wamsukume kwa kitendo. Anayekimbia deni anaiba daftari la wageni, na hapo kisa kirefu kimesogea ingawa yeye hajali habari za kaka ya mtu.

mswada_segera

Nashukuru sana wakuu. La daftari nimelichukua moja kwa moja, na ile sentensi ya pili imeniulia maonyesho 5 katika rasimu 4. Nina maswali mengine mawili. Je, mgeni wa sehemu ya 3 anaweza kurudi sehemu ya 11? Na wadhamini wanauliza msimu wa pili utakuwaje: gesti nyingine na watu wapya, au Mwanaidi aendelee?

kalamu_kavu

Mgeni kurudi: ndiyo, lakini mmoja, wakizidi sana wawili. Arudi akiwa anataka kitu tofauti na mara ya kwanza. Na mpe mstari mmoja wa kujitambulisha kwa mtu ambaye hakuiona sehemu ya 3, usiozidi sekunde 15: "Mara ya mwisho nilitoka hapa bila kulipa." Basi. Klaketi_na_taa atakwambia usaini naye siku za kurudi tangu mkataba wa kwanza, la sivyo ifikapo sehemu ya 11 yuko kwenye tamthilia ya mtu mwingine.

Msimu wa pili ni suala zito zaidi. (Tahadhari, nafichua mambo ya The White Lotus na Fargo hapa chini.)

Ukibadilisha kila kitu, unaingia kwenye antholojia ya misimu. True Detective ya HBO ilifanya hivyo. Msimu wa kwanza, 2014, ulikuwa sehemu 8 zenye mwandishi mmoja, Nic Pizzolatto, na mwongozaji mmoja, Cary Joji Fukunaga. Msimu wa pili, 2015, ulikuja na watu wapya, California badala ya Louisiana, na waongozaji mbalimbali. Jina lilikuwa lilelile lakini mapokezi yakapoa. Watazamaji walikuwa wamewapenda wale wapelelezi wawili na ile sauti, na vyote viwili havikuwapo. American Horror Story ya FX, iliyoanza 2011, ililikabili tatizo hilo kwa waigizaji: Sarah Paulson na Evan Peters wanarudi kwa majina mengine, hivyo mapenzi ya mtazamaji yanahamia msimu mpya hata kama kisa ni kipya. Baadaye, msimu wa 8, 2018, ikaunganisha walimwengu wa msimu wa 1 na wa 3.

Fargo, ya FX pia, ilitumia wakati na ukoo. Katika msimu wa kwanza, 2014, mzee Lou Solverson, askari mstaafu mwenye mgahawa, anagusia mambo aliyoyaona Sioux Falls mwaka 1979. Ni maneno machache ya mzee. Msimu wa pili ndiyo huo mwaka 1979, Lou akiwa kijana. Kwa gesti yako hilo ni rahisi mno: daftari lina miaka. Msimu wa pili unaweza kuwa usiku ule wa miaka 6 iliyopita, jengo lilelile, rangi mpya.

Na The White Lotus ya Mike White inafaa uichambue kwa kalamu mkononi. Kila msimu hoteli nyingine: Hawaii 2021, Sicily 2022, Thailand 2025. Kila msimu unaanza na dalili ya kifo, kisha tunarudishwa nyuma wiki moja. Swali hilo linafungwa mwisho wa msimu. Kinachovuka ni mtu mmoja au wawili: Tanya, mgeni tajiri, yupo misimu miwili ya kwanza; Greg, mgeni mwingine, anakutana naye msimu wa kwanza, anakuwa nyuma ya njama ya kifo chake msimu wa pili, na msimu wa tatu anaonekana Thailand akiishi kwa utajiri, hadi Belinda, mfanyakazi wa hoteli ya msimu wa kwanza, anapomtambua. Misimu mitatu, wageni kadhaa wapya kila mara, na chini yake kisa kimoja cha jinai ambacho hakikuchukua hata robo ya muda.

Hilo lina matokeo hata kwenye tuzo. Msimu wa kwanza ulishindana Emmy kama mfululizo wenye kikomo. Kwa kuwa mhusika na kisa vilivuka, wa pili ulihamishiwa kwenye kundi la tamthilia zinazoendelea. Jennifer Coolidge, aliyemwigiza Tanya, akashinda kwa mhusika yuleyule katika makundi mawili tofauti. Wadhamini wako wajue mapema wanalipia kitu gani, maana mikataba ya waigizaji nayo inafuata hapohapo.

meza_ya_uhariri

Nachangia upande wa kurusha, maana mswada mzuri huweza kufia pale.

Ulizia mapema kama kituo kitarusha kwa mpangilio wako na kama kitarudia sehemu mojamoja. Firefly ya Fox, 2002, ilitengenezwa ikiwa na sehemu ya ufunguzi ya saa mbili inayowatambulisha wahusika wote. Kituo kikaanza na sehemu nyingine, ile ya ufunguzi ikarushwa mwisho, Desemba. Watazamaji walikutana na watu tisa ndani ya chombo cha angani bila kuambiwa ni akina nani. Kaleidoscope ya Netflix, 2023, ilikubali mvurugo huo kwa makusudi: sehemu 8 zenye majina ya rangi, kila mtazamaji anapangiwa mfuatano wake, isipokuwa nyeupe inakaa mwisho. Bei yake ni kwamba hakuna sehemu inayoruhusiwa kutegemea kwamba umeona nyingine, kwa hiyo wahusika wanajieleza kupita kiasi.

Kuna ratiba pia. In Treatment ya HBO, 2008, iliyotokana na Be Tipul ya Israeli, ilirusha sehemu 43 katika wiki 9. Jumatatu mgonjwa mmoja, Jumanne mwingine, hadi Ijumaa mtaalamu wa saikolojia anayewatibu anakwenda mwenyewe kwa mshauri wake. Ungeweza kufuata Jumatano tu ukapata kisa kamili cha mgonjwa wa siku hiyo, binti mmoja, au kufuata wiki nzima ukapata cha mtaalamu. Kituo kikikupa siku mbili kwa wiki, fikiria jambo kama hilo: siku moja ya wageni, siku moja yenye Mwanaidi zaidi.

Muhtasari wa yaliyopita usizidi sekunde 35, na uwe na vitu vinavyohitajika katika sehemu ya leo tu. Wengi hukata muhtasari wa msimu mzima, na mtazamaji mjanja akiona sura ya mgeni wa sehemu ya 3 humo anajua papo hapo anarudi. Kwa sehemu yako ya 11, mtoe kabisa kwenye muhtasari, ule mstari wa sekunde 15 utatosha.

Ukipandisha YouTube, kichwa kiwe na namba na jina la mgeni pamoja: "6. Dereva wa lori." Mtu huingia kwa kisa anachokitaka, namba inamwambia kuna mpangilio. Na sehemu ya 12 usiipe mgeni mzito. Nafasi hiyo ni ya kusogeza watu na vitu mahali pao kwa ajili ya 13. Mgeni mwenye kisa kikubwa atakula zile dakika, na sehemu ya mwisho italazimika kueleza kwa maneno yale ambayo yangeonekana. Mpe mtu anayelala tu: anaingia saa 4 usiku, anaandikishwa, anaomba ndoo ya maji ya moto, anaondoka alfajiri na basi la kwanza.